Matundu Chini ya Ukuta

Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu, mimi nilifuata tu. Siku ile nilikuwa nimepiga magoti kando ya shimo la mteja, nimeweka dam liner, ile plastiki nzito ya kushika maji, vizuri, nimekunja pembe zake, halafu nikashindwa kuinuka. Mwenye boma alinivuta mkono mmoja, Achieng wa kikundi chetu akanivuta mwingine, na ng'ombe wa jirani akasimama kututazama. Nikajua imetosha. Sasa nyinyi mliobaki na majembe mnaniambia, Mama Nafula, tuandikie yale unayoyajua usije ukaenda nayo. Haya, naandika. Ya vyeo siyasemi kwa sababu sikuwahi kuwa na cheo, na ya mshahara mnayajua wenyewe, tulikuwa tunalia pamoja.

Kazi yetu haina jina zuri. Ukimwambia mtu wa mtaani kwetu Huruma kwamba unachimba vidimbwi vya vyura kwa bustani za watu, anakuangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Vyura? Wa kula?" Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiulizwa nafanya nini anajibu kwamba mimi ni wa maua. Sikumlaumu. Mwanamume anahitaji kupita mtaani bila kuitwa bwana wa mama wa vyura.

Nilianza kama kibarua kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, hapa Eldoret, kazi yangu kumwagilia miche maji na kufukuza mbuzi. Siku moja akaja Fundi Barasa kununua matete. Akanitazama nikibeba ndoo mbili bila kumwaga, akamuuliza mwenye kitalu, "Huyu unaweza kuniazima?" Nikaazimwa kama wilbaro. Sikuwahi kurudishwa.

Barasa alikuwa amechimba vyoo maisha yake yote. Nusu ya mitaa ya huku imekaa juu ya kazi ya mikono yake, ingawa hakuna anayetaka kuikumbuka. Halafu nesi mmoja mstaafu akamwomba amchimbie shimo la maji kwa bustani, ndege waoge na vyura wazae. Barasa alidhani mama amechanganyikiwa kidogo, lakini akachimba. Mvua ilipokuja, akaenda kuangalia kama shimo halijabomoka, akakuta vyura wamejaa wanaimba, akakaa hapo kwenye jiwe mpaka akaletewa chai. "Mimi nimechimba mashimo miaka yote," aliniambia, "na hilo ndilo la kwanza watu kukaa kando yake kwa furaha." Tangu siku hiyo akaachana na vyoo.

Siku yangu ya kwanza alinipa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Akaujaza maji, akanipa ncha moja. "Shika hapo kwa kigingi. Usitingishike. Hata kupumua punguza." Yeye akaenda na ncha ya pili upande wa pili wa shimo. Mimi kwa macho yangu niliona kingo ziko sawa kabisa. Maji kwenye mpira yakasema upande wangu uko juu, kwa upana wa kiganja kizima. Barasa akacheka mpaka kofia ikaanguka ndani. "Maji hayadanganyiki, msichana wangu. Mtu utamwambia shimo limenyooka na atakubali. Maji yatakuanika mchana peupe, upande mmoja umejaa na upande mwingine plastiki iko nje inang'aa." Mpira ule ndio huo niliomwachia Achieng. Msimkopeshe mtu.

Mengine alinifundisha kwa kunifokea. Chini ya dam liner weka magunia au blanketi kuukuu, kwa sababu jiwe dogo lina subira kuliko wewe. Katikati maji yafike goti, si zaidi. Upande mmoja uwe mteremko wa taratibu wenye changarawe, ili kifaranga akitumbukia atembee mwenyewe mpaka nje. Kama kifaranga hawezi kutoka, chura mchanga hawezi, na mtoto wa mtu hawezi. Maji ya mvua ndiyo mazuri, ya mfereji yaache yakae kwanza yapoe ile dawa. Lete ndoo moja ya tope kutoka kinamasi cha karibu, hiyo ndiyo hamira ya dimbwi. Na watu wakikuuliza juu ya mbu, usibishane, waambie waje baada ya masika waangalie viluwiluwi wa mbu wameliwa na nani. Maji yaliyokufa yanazaa mbu. Maji yenye wenyewe yanawala.

La mwisho alilisema mara nyingi kuliko yote: chura habebwi. Usimtoe mtoni kwa ndoo ukamleta kwa mtu, atarudi alikotoka au atafia njiani. "Chura anaalikwa," alisema Barasa. "Wewe tengeneza nyumba, acha mlango wazi, nyamaza."

Nimekutana na kesi ngumu, na nyingi zilitokana na wema. Kulikuwa na boma moja la watu wenye uwezo ambako dimbwi lilikubali vizuri, mayai ya vyura yametanda kama mbegu za papai kwenye ute. Halafu wakaja wakwe. Mkwe wa huku Uasin Gishu haji mikono mitupu, na hawa walikuwa wamesikia kuna dimbwi, wakaleta vifaranga vya tilapia kwa jerikeni. Utamwambia nini mkwe? Wakamwaga, watu wakapiga makofi, na samaki wakala mayai yote kabla chai haijaiva. Mwaka mzima hakuna aliyethubutu kuwatoa hao samaki, kwa sababu kila wakija wakwe wanauliza, "Wamekua?" Mahali pengine, kwenye shule, mpishi aliona maji yameanza ukijani akamwaga Jik, ile dawa ya kutoa madoa, kwa usafi wake. Mpishi mzuri sana yule, sufuria zake zilikuwa zinang'aa. Tulianza upya.

Lakini kesi ambayo nataka mwijue, na ndiyo sababu hasa nimekubali kuandika, ni ile ya Ainabkoi.

Huko juu baridi inakuamkia kabla ya watu. Mteja alikuwa mama mmoja mjane aitwaye Mama Kamau. Yeye na mume wake walitoka upande wa kati wa nchi wakiwa vijana, wakanunua shamba, wakalima kabichi na viazi, na yeye akafungua duka pale sentani, kwenye maduka ya barabarani, akiuza sukari, mafuta na mbolea ya kupima. Nilipomjua alikuwa ameacha duka. Watoto wameenda zao, Kamau yuko Thika. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta mbili, na hakuwa na muda wa kubembeleza mtu.

"Nataka vyura," aliniambia kabla sijaketi. "Tulipohamia hapa, masika ikifika walikuwa wanalia mpaka mnaongea kwa nguvu ndani ya nyumba. Saa hii nimebaki na friji tu. Nalala nikisikiza friji."

Nikamwambia tunaweza kujaribu. Akainua kidole. "Ngoja nikwambie yote usije ukasema sikukuambia. Kamau anataka niende nikakae kwake kwa ghorofa. Nimemwambia nitamjibu masika ikiisha. Vyura wakija, nakaa kwangu. Wasipokuja, nafunga nyumba naenda. Mahali hata chura amehama, mtu anangoja nini?"

"Mama," nikasema, "mimi ni wa kuchimba. Mambo ya Thika siyawezi."

"Basi chimba vizuri."

Shamba lake lilishuka mpaka kwenye bonde dogo lenye unyevu, na hapo ndipo maji yenyewe yangetaka kukaa. Lakini bonde hilo lilikuwa limekatwa katikati na ukuta wa mawe uliofika kifuani, msingi wake umezama ardhini vizuri, saruji bila ufa. Upande wa pili alikaa Mzee Kiprono, mwenyeji wa hapo, mfugaji. Zamani hapakuwa na ukuta, palikuwa na kayaba tu, ule ua wa miiba. Mzee alikuwa akileta mursik, maziwa ya kibuyu, na Mama Kamau akipeleka viazi. Kisha ng'ombe wa Mzee wakapita kwenye ua wakala kabichi, wakarudia, wakarudia tena. Baba Kamau akasema neno juu ya ng'ombe na wenye ng'ombe. Mzee Kiprono akajibu neno juu ya watu wa kuja. Hayo maneno siyaandiki, kila mtu huku anayajua na anajua hayafai. Baba Kamau akaanza kubeba mawe. Alijenga peke yake, na mgongo wake ulikuwa mbaya tangu ujana. Hawakusalimiana tena mpaka akafa, na siku ya maziko Mzee Kiprono alisimama barabarani na kofia mkononi, asiingie.

Nilichimba wakati wa kiangazi, upande wa Mama Kamau, hatua chache kutoka kwenye ukuta. Nilipima kwa mpira wa Barasa. Nikapanda matete, nikapanga mawe na magogo ya kujifichia, nikaelekeza maji ya paa la jikoni. Masika ikaanza, dimbwi likajaa. Kereng'ende walikuja kabla sijafika nyumbani, ndege wakaja kuoga, korongo mmoja akaja akasimama kama mkaguzi wa afya, akaondoka. Chura hakuja.

Mama Kamau alinipigia simu. "Mama Nafula, niko na kila kitu isipokuwa mwenye nyumba." Wiki zikapita, akapiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa chini. "Kamau ameshapaka chumba changu rangi. Ati ya samawati. Ameniuliza nitabeba kitanda ama ataninunulia kingine." Nikaona huruma. Mtu akianza kuulizwa juu ya kitanda, ameshahamishwa nusu.

Nikapanda Ainabkoi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, jua linarudi kwa uvivu. Nikasimama kando ya dimbwi langu zuri, kimya kama kanisa siku ya Jumanne, na nikawasikia. Walikuwa wengi, wanaimba kwa sauti ya chini isiyofika nyumbani, upande wa pili wa ukuta.

Nikazunguka kwa barabara mpaka kwa Mzee Kiprono. Alikuwa na viatu vya gambuti na koti kubwa, mrefu, amesimama kati ya ng'ombe wake. "Chamgei," akanisalimu, na nikajibu "Chamgei mising," kwa sababu nimeishi Uasin Gishu miaka ya kutosha. Nikamwomba niangalie chini ya ukuta. Alitembea mbele, nami nikafuata.

Bonde lake lilikuwa limekanyagwa na ng'ombe mpaka likawa tope tupu, hapakuwa na dimbwi la kuzalia. Vyura walikuwa kwenye nyasi chini ya ukuta, wamejipanga kama wagonjwa wanaongoja dirisha la dawa lifunguliwe. Mmoja alikuwa anaruka, anagonga jiwe, anaanguka, anakaa kidogo, anaruka tena. Jamani, nilitaka kulia.

"Mzee, hawa wanataka kupita."

"Najua. Kila mwaka mvua ikikuja wanagonga hapo."

"Tutoboe kidogo tu, kwa chini."

"Ukuta si yangu. Mwenye alijenga ako chini ya mchanga, kaulize yeye." Akaonyesha nyasi kwa kidevu. "Na hao vyura, unajua ni ya nani?"

"Ni ya Mungu, Mzee."

"Ndiyo, ya Mungu. Lakini Mungu aligawa. Kuna ukoo ilipewa simba, kuna yenye ilipewa ndovu. Sisi tulipewa chura." Aliniangalia aone kama nitacheka. Sikucheka. Yule aliyekuwa akiruka alikuwa bado anaruka. "Huyo ndiye mnyama wetu. Hatumpigi, hatumfukuzi. Sasa unataka niache wanyama ya ukoo yangu iende kwa boma ya mtu mwenye aliniita vile aliniita?"

Nikarudi kwa Mama Kamau nikamweleza. Akaweka kikombe chini. "Amesema hivyo? Basi mwambie na mimi ukuta wa Baba Kamau sitoboi. Alibeba hayo mawe moja moja. Nilikuwa nikimkanda mgongo jioni. Kama vyura ni vya Mzee, akae navyo."

Nikakasirika, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimepanda baridi yote hiyo, magoti yananiuma, na watu wazima wawili wamekaa kila mtu upande wake wa jiwe. Nikasimama. "Haya Mama, basi funga masanduku. Ulisema vyura wakikosa unaenda. Vyura hawajakosa, wako pale, wanalia wakitaka kuja. Aliyekataa si chura." Alichukua birika akamimina chai kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, ikamwagika mezani, naye akaitazama tu ikimwagika. Nikaondoka bila kuaga vizuri. Njiani nikajuta kidogo, lakini si sana.

Nilipaswa kurudi kuchukua vyombo vyangu, kwa hiyo siku mbili tatu baadaye nikapanda tena. Nikakuta Mzee Kiprono amesimama nje ya geti la Mama Kamau. Alikuwa amevaa koti la kanisani na ameshika fimbo yake. Ndani ya geti Mama Kamau amesimama, mikono kwenye mifuko ya sweta. Sijui walikuwa wamesimama hivyo tangu saa ngapi. Nikasukuma geti kidogo, nikapita katikati yao nikisema hodi kwa sauti ndogo, kama mtu anayepita mbele ya televisheni.

"Nimesikia unaenda Thika," Mzee akasema.

"Nani amekwambia?"

"Ukuta haizuii maneno."

"Na ikiwa naenda?"

"Ukienda, kijana atauza. Atakuja mtu mimi simjui."

"Kwa hivyo mimi wanijua?"

"Wewe nakujua," akasema Mzee, na alilisema bila tabasamu, kama mtu anayetoa ushahidi.

Mama Kamau akaangalia chini. Kisha Mzee akatoa alichokuja nacho. Aligonga fimbo chini kwanza. "Hao vyura siuzi. Na sipeani. Lakini sisi tuko na kimanagan. Ng'ombe zangu zikiwa nyingi, ama nyasi yangu ikiwa mbaya, napeleka zingine kwa boma ya rafiki. Anachunga. Maziwa ni yake, mbolea ni yake. Ng'ombe inabaki yangu. Na mimi niko na ruhusa ya kuingia kwa hiyo boma siku yoyote kuangalia mali yangu, na hakuna mtu ananiuliza umefuata nini. Unasikia? Nyasi yangu ya vyura imeharibika. Nitaweka kwako."

Nilijua kimanagan, nimeishi na watu hawa. Jambo moja ambalo Mzee hakulisema, kwa sababu halina haja ya kusemwa, ni kwamba hakuna mtu anayepeleka ng'ombe wake kwa adui.

Mama Kamau alikuwa ameuza dukani miaka mingi, na duka halikumtoka. "Wakizaa?"

"Wakizaa ni yangu."

"Wote? Na mimi nitoe dimbwi, nitoe maji ya paa langu? Hapana. Wakizaa tunagawana."

"Haya. Tunagawana."

"Utawajuaje wako ni gani?"

"Mtu anajua mali yake," akasema Mzee. Nadhani hapo ndipo mmoja wao alikaribia kucheka, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Kisha Mama Kamau akakumbuka, na uso ukarudi ulivyokuwa. "Na ukuta wa marehemu je?"

Mzee Kiprono aliangalia upande wa bonde. "Tutoboe kwa chini. Juu ibaki vile aliacha. Alijenga vizuri huyo mzee. Miaka yote naangalia hiyo ukuta kila asubuhi, natafuta kosa. Sijapata."

Mama Kamau akageuza uso, akashika kona ya sweta akajifuta macho. Halafu akafungua geti lote. "Ingia basi. Chai iko."

Kazi ya kutoboa ilikuwa yangu. Nilichukua nyundo na patasi, nikalala kwa ubavu kwenye nyasi baridi, nikaanza kugonga pale jiwe lilipokutana na ardhi, tundu la upana wa kikombe. Baba Kamau hakuwa mchezo, ile saruji ilikuwa ngumu kama moyo wa mwenye nyumba wa Huruma. Nilikuwa nimeingia kidogo tu nikasikia ko, ko, ko. Nikasimamisha nyundo nikidhani ni mwangwi. Ko, ko, ko. Ilikuwa inatoka upande wa pili. Mzee alikuwa amezunguka kwake, amechukua mtaimbo, amepiga magoti na koti lake la kanisani, anagonga kunifuata. Tulikutana katikati. Kipande cha mwisho kikaanguka na nikaona gambuti lake na mwanga wa kwake. "Mama Nafula," akasema kupitia tunduni, "hebu toboa ingine kule. Hawa ni wengi."

Tulitoboa matundu kadhaa. Mama Kamau alisimama nyuma yangu muda wote, ameweka mkono juu ya ukuta, kwenye mawe ya juu, kama mtu aliyemshika mgonjwa akidungwa sindano.

Nikarudi Huruma. Siku iliyofuata hakuna neno. Siku nyingine, jioni, mvua imenyesha, niko jikoni nakaanga omena, simu ikalia. Mama Kamau. Nikasema hello, hakujibu. Nikasikia kelele tu, kelele nyingi za kukwaruza. Nikasema hello tena, nikatoka nje nikidhani ni network. Jirani zangu wa plot wana redio, wana watoto, wana ugomvi, kwa hiyo nikaziba sikio moja na kidole. Ndipo nikaelewa. Alikuwa amesimama kando ya dimbwi amenyoosha simu kuelekea majini. Nikakaa kwenye ngazi na omena ikaungua. Baada ya muda mrefu akaja kwenye simu. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Nimemwambia Kamau auze hicho kitanda alichoninunulia."

Kamau mwenyewe alikuja mwezi uliofuata kumwona mama yake, akalala siku moja, asubuhi akaamka na macho mekundu akiuliza kama hivyo vyura havina mahali pa kuzimia. Akaambiwa kuna kitanda kizuri Thika.

Tangu mwaka huo, kila masika ikianza, Mzee Kiprono alikuwa anazunguka kwa barabara na fimbo yake kuja kuangalia mifugo wake. Alipewa kiti kando ya dimbwi. Alikuwa anawahesabu kwa kuwanyooshea fimbo, kila mara anapata idadi nyingine, na Mama Kamau anamwambia wazi kwamba anamwibia wake. Mursik ikarudi. Viazi vikarudi. Mimi nilikuwa napanda mara moja kwa mwaka, mvua ikikaribia, kusafisha matundu, kwa sababu nyasi na udongo huziba upesi, na tundu lililoziba ni ukuta tu. Hiyo kazi sikumtoza mtu. Niliipenda.

Mwaka jana Mzee Kiprono akafariki. Alikuwa amekula chumvi. Nilienda maziko, nikakaa nyuma na Mama Kamau, ambaye hakusimama barabarani kama Mzee alivyosimama siku ya Baba Kamau, na hakuna aliyemwacha asimame. Baada ya hotuba, kama ilivyo desturi, kifungua mimba wa Mzee, Kimutai, alisimama akauliza mbele ya watu wote: kama kuna mtu anadai marehemu, aseme, kama kuna mtu aliye na mali ya marehemu kwake, aseme leo, familia isikie.

Nikahisi benchi linasogea. Mama Kamau alikuwa amesimama.

"Mimi niko na mifugo wake."

Kimutai akamtazama. "Mifugo gani, Mama?"

"Vyura. Aliniwekea kimanagan. Amenifia wakiwa kwangu, na wamezaa, na tulipatana tugawane. Sitaki watu waseme nimekula mali ya marehemu. Kama familia inawataka, matundu yako wazi, warudi."

Vijana wakaanza kucheka kwa nyuma. Wazee waliokaa mbele hawakucheka, na mmoja aligeuka akawaangalia vijana mpaka wakanyamaza. Kimutai akainama, wazee wakamnong'oneza, akainuka. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mama, kaa nazo," akasema. "Zikae vile mzee aliweka. Lakini mimi nitakuwa nakuja kuziangalia."

"Kuja," akasema Mama Kamau. "Kiti yake iko." Akaketi, akanishika mkono.

Basi ndio hayo. Majembe mnayo, mpira mnao, na ya wakwe na tilapia nimewaonya. Mwaka huu, mvua ilipokaribia, nilisahau kwamba nimestaafu. Nilichukua panga kuukuu na kijiti cha kuchokolea, nikapanda Ainabkoi na magoti yangu haya, kwenda kusafisha yale matundu. Nilifika nikainama polepole, nikishikilia ukuta wa Baba Kamau, nikatazama chini. Yalikuwa yameshasafishwa, pande zote mbili.